Sanduku la Barua Lililopimia Mahindi

Ukitaka kumtukana Egwang, mwambie turubai alilolishona limevuja. Matusi mengine yote hayamfiki. Kazi yake ni kushona maturubai ya malori pale Malaba, kwenye ile foleni inayoanzia mpakani na kurudi nyuma mpaka dereva wa mwisho asahau alikuwa anaelekea nchi gani. Lori likisimama, Egwang hupanda juu na sindano yake kubwa, akakaa huko akiziba matundu huku mwenye gari amelala chini ya tela. Jioni hurudi kwake, karibu na soko la Chakol, akala, akasikiliza taarifa ya habari redioni akibishana nayo, akalala. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuwa na ugomvi nayo, mpaka ulipokuja mtaala mpya uliosema watoto wajifunze kwa mikono. Haukusema ni mikono ya nani. Wazazi wote wa Chakol sasa wanajua ni ya nani.

Nyumbani kwake mwanafunzi ni mmoja, Apolot, binti wa binti yake Akiteng, ambaye anafanya kazi Nairobi na huonekana wakati wa Krismasi. Apolot yuko gredi ya pili. Ni mtoto mkavu, hacheki ovyo, na huongea kama karani. Siku moja alifika kutoka shuleni, akavua viatu, akasimama mbele ya babu yake.

"Babu, mwalimu amesema tulete sanduku ya barua. Ya kuchezea, na iwe na marembo. Itengenezwe na vitu za nyumbani zenye zimetumika zikaisha."

"Sanduku ya barua ni ya nini?"

"Ya kuweka barua."

"Na barua itatoka wapi?"

Apolot alifikiri. "Hiyo mwalimu hakusema."

Egwang aliahidi kulitengeneza Jumapili baada ya misa. Jumapili ikafika, mkewe Brigid akaenda kwenye mkutano wa akina mama wa jumuiya, naye Egwang akaanza kutafuta kitu kilichotumika kikaisha. Hapo ndipo alipogundua kwamba katika nyumba yake hakuna kitu kama hicho. Kopo la majarini lilikuwa na chumvi. Mtungi wa plastiki uliotoboka ulikuwa umekatwa juu na sasa ulikuwa chombo cha kunyweshea kuku. Tairi la baiskeli lilikuwa limeshika paa la jiko. Sandali moja ya patapata, ambayo mwenzake alipotea zamani, ilizuia mlango usijifunge. Hata ule mwavuli uliovunjika ulikuwa umepandiwa maharagwe ya kutambaa, na yalikuwa yametambaa vizuri. Kila alichokishika kilikuwa kazini.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimekaa bure. Juu ya gunia la mahindi, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, palikuwa na mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili, mtupu, usio na hata karatasi ya jina. Ulikuwa safi kabisa. Egwang aliutikisa, akachungulia ndani, akaona hauna shughuli. Ukweli ni kwamba ulikuwa umepumzika kwa sababu haikuwa siku ya soko. Ilikuwa ndiyo gorogoro ya Brigid, kipimo chake cha mahindi na maharagwe, na kabla yake kilikuwa kipimo cha mama yake Egwang mwenyewe. Mtu atauliza vipi mwanamume asiujue mkebe uliomlea. Jibu ni kwamba maisha yake yote alikuwa ameuona ukiwa umejaa. Ukiwa mtupu hawakuwa wamewahi kukutana.

Basi wakaketi uani, mzee na mtoto. Egwang alichukua tindo na nyundo akatoboa mdomo mrefu ubavuni mwa mkebe, karibu na ukingo wa juu, mdomo wa kutosha bahasha. Akayakunja yale makali ya bati yasije yakamkata mtoto. Apolot alishika mkebe kwa mikono miwili na kutoa amri. Mfuniko waliutengeneza kwa kipande cha bati kilichobaki walipoezeka choo. Wakapaka rangi nyekundu, masalio ya rangi ya geti la jirani. Vifuniko vya soda walivipondaponda vikawa bapa, wakavipanga kuzunguka mkebe kama maua, na katikati ya kila ua wakabandika kipande cha ile stika inayong'aa ya nyuma ya malori, ambayo Egwang hupewa na madereva badala ya shukrani. Bendera ya kuinua barua ikifika ilitoka kwenye mtungi wa kuku, kipande kidogo tu ambacho kuku hawakukikosa.

Alipoupindua mkebe ili apake rangi chini, Egwang aliona kitako kimeingia ndani kidogo. Akasema ni uzee, mkebe wa miaka yote hiyo lazima utalegea mahali. Akapaka.

"Babu, imetoka smart," Apolot alisema. Kwake hiyo ilikuwa ni kupiga makofi.

Egwang alifurahi. Tuseme wazi: alifurahi kuliko siku alipofunika lori zima la sukari na mvua ikanyesha mpaka Tororo bila hata chembe kulowa. Aliliweka sanduku dirishani likauke, akakaa akiliangalia.

Brigid aliliona Jumatatu jioni alipokuwa akijiandaa kwa soko la kesho yake. Alikwenda nyuma ya mlango, akarudi. Akaenda tena. Kisha akasimama mbele ya dirisha muda mrefu.

"Egwang."

"Eeh."

"Hii ni kipimo yangu?"

Egwang aliliangalia sanduku, akamwangalia mkewe, akaliangalia sanduku tena. Kuna makosa ambayo mtu huyaona yote kwa mara moja, na hili lilikuwa mojawapo. Apolot, aliyekuwa akila, ndiye aliyejibu.

"Ilikuwa, nyanya. Saa hii ni sanduku ya barua. Ni ya kupeleka shule Jumatano."

Brigid hakupiga kelele. Ni mwanamke mnene, mtulivu, na akikasirika huzidi kuwa mtulivu mpaka watu waanze kujitetea wenyewe. Alipitisha kidole kwenye ule mdomo wa bati, akashika kitako. Kisha akaenda kwa jirani akarudi na mkebe mwingine, mpya, wa kipimo kilekile.

Ni lazima ijulikane kile kipimo cha zamani kilikuwa na maana gani. Pale Chakol, gorogoro ni kitu cha kushukiwa. Mnunuzi mwenye akili huipindua kwanza aone kama kitako hakijagongwa kikaingia ndani, maana kitako kikiingia, mahindi yanapungua na bei inabaki palepale. Lakini mkebe wa Mama Egwang haukuwahi kupinduliwa na mtu. Kuupindua kungekuwa ni kama kumkagua padri mifuko. Watu walisema "kipimo cha Mama Egwang" wakimaanisha haki yenyewe. Alipofariki, mzee Omagor, mwenyekiti wa soko, alisimama kaburini akasema kwamba huyu mama hakuwahi kula hata punje ya mtu. Egwang hana majigambo mengi, ila hilo alijigamba nalo mpaka Malaba, hata kwa madereva wa kutoka Kigali ambao hawakuwa wameuliza. Brigid alirithi kibanda, mkebe na hilo jina, na katika vitu hivyo vitatu, kilichowaletea wateja ni jina.

Siku ya soko Egwang hakwenda Malaba. Alijipa adhabu ya kusukuma wilibaro ya magunia na kukaa kibandani kutwa. Mteja wa kwanza alikuwa Roselida, anayepikia madereva chakula karibu na mpaka, mwanamke wa sauti inayovuka soko bila kusaidiwa. Brigid aliujaza mkebe mpya, akafuta juu kwa mkono mpaka ukawa sawa, akamwaga kwenye mfuko.

Roselida alisubiri. Brigid naye alisubiri.

"Mama Akiteng, na ya juu?"

"Ya juu gani?"

"Si wewe huwa unaweka konzi? Unajaza, unafuta, unaweka konzi moja juu. Miaka yote."

"Hii imejaa," Brigid alisema.

Egwang alidhani mkewe bado amemkasirikia yeye na hasira imewamwagikia wateja. Akamnong'oneza, "Wape tu hiyo konzi."

"Mkebe imejaa, Egwang. Nikiweka ingine nitakuwa nagawa bure." Na usoni alikuwa na kitu ambacho Egwang hakukielewa, kama mtu aliyebanwa na kiatu mbele ya wageni.

Roselida akaubeba ule mkebe mpya, akaupima kwa macho. "Ndiyo maana," alisema, na soko zima likasikia. "Ni ndogo! Ameficha ile ya mama mzee akaleta hii ya kutunyonya. Mama Akiteng! Hata wewe?"

Mambo ya soko hayahitaji shahidi. Kufika saa za mchana, kila aliyenunua alikuwa amerudi kuchungulia mfuko wake na kuona umepungua. Mmoja aliapa kwamba mahindi yenyewe yamekuwa madogo. Wateja wakaanza kupita pembeni, wakimsalimia Brigid kwa heshima ile ya msibani, wakaenda kununua kwa wengine, ambao mikebe yao ilikuwa imegongwa mpaka ingeweza kukaliwa kama kiti. Brigid alikaa nyuma ya gunia lake lililojaa, mikono mapajani. Egwang aliona kibanda cha mama yake kinakufa machoni pake, na aliyekiua ni yeye na tindo yake.

Ndipo akaja mzee Omagor na fimbo yake. "Mimi sitaki maneno. Kipimo cha Mama Egwang kiko wapi? Ilete, tupime hii na ile, tumalize."

"Hapana," Brigid alisema haraka. "Hiyo imekuwa ya mtoto. Ina kazi ya shule."

Egwang aliguswa sana na huruma hiyo. Mwanamke ananyang'anywa jina lake na bado anamfikiria mjukuu! Akasimama. "Itapimwa dakika moja tu na itarudi. Mke wangu si mwizi, na leo mtaona."

"Egwang, kaa chini," Brigid alisema.

Hakukaa. Alikimbia, na wanaomjua walishangaa kwamba anaweza.

Apolot alikuwa ameshatoka shule. Alikataa sanduku litoke bila yeye, akalikumbatia mwenyewe, wakaingia nalo sokoni watu wakiwapisha. Lilimeta kweli. Mtu mmoja aliuliza ni sadaka ya nini. Egwang aliuziba ule mdomo kwa kipande cha turubai na gamu, akabonyeza, akahakikisha hauvuji, maana hata siku ya mashaka mtu hubaki na ufundi wake. Akatoa mfuniko. Omagor akaamuru Roselida ajaze mkebe mpya kwa mkono wake na kuufuta juu, ili kusiwe na kelele baadaye. Akajaza, akafuta. Kisha akaanza kumwaga mahindi kwenye sanduku la barua, polepole, watu wamesogea mpaka wanakanyagana.

Kila mtu alingoja sanduku libaki na nafasi. Halikubaki. Lilijaa mpaka ukingoni, punje zikaanza kuanguka chini, na ndani ya mkebe mpya, ule waliouita mdogo, mahindi yalikuwa bado yapo. Kama konzi moja hivi.

Roselida alichungulia, akachungulia tena. Hakusema kitu, na hilo lilitisha kuliko kelele. Omagor akamwaga mahindi, akalipindua sanduku kwa fimbo. Kitako kilikuwa kimeingia ndani, chekundu, kinang'aa, mbele ya soko la Chakol.

Macho yote yakamgeukia Brigid. Alikuwa ameangalia chini.

Egwang hana haraka ya kufikiri, lakini siku hiyo alifikiri. Yeye hakukigonga kile kitako. Alikikuta hivyo. Na mkebe ulikuwa mikononi mwa nani miaka yote hii? Aliona ni kwa nini mkewe alisema hapana, na kwa nini alimwambia akae chini, na moyo ukamdondoka kama nyundo iliyoponyoka juu ya lori. Brigid wake. Kisha akasikia sauti ikisema, na ilikuwa yake.

"Ni mimi."

"Wewe nini?" Omagor akauliza.

"Nilikigonga Jumapili. Nikitengeneza hii kitu ya mtoto. Ilikuwa inayumba, nikagonga kitako ndiyo isimame. Ilikuwa mzuri kabla. Nimeiharibu mimi."

Omagor alimwangalia. Halafu, kwa sababu hakuwa mwenyekiti wa soko bure, akamwinamia Apolot. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Babu yako aligonga hapa?"

Egwang alijua sasa wamekwisha. Mtoto yule hajui kupamba maneno. Alimwambia mwalimu mkuu wazi kwamba uji wa shule una mawe. Na yeye ndiye aliyekuwa ameushika mkebe tangu mwanzo mpaka mwisho. Apolot alimwangalia babu yake, akamwangalia nyanya yake aliyeinamisha kichwa, akamrudia Omagor bila kupepesa jicho.

"Aligonga," alisema. "Mimi ndiye nilishika. Ilipiga kelele mbaya, nikamwambia awache, akakataa."

Soko likapumua. Kisha soko likamgeukia Egwang. Roselida alipata sauti yake tena na kuitumia yote: mwanamume gani huyu, anachukua kipimo cha marehemu mamake, kipimo ya haki, anakiponda kwa sababu ya kazi ya gredi ya pili? Si angekata sufuria yake? Mwingine akasema hata maturubai yake yanavuja. Egwang alilisikia hilo, akalimeza. Omagor alimwomba Brigid radhi kwa niaba ya kamati, akampa pole ya ndoa. Kabla jua halijalegea, mahindi yake yote yalikuwa yamenunuliwa, na hakuna aliyeuliza ya juu.

Walirudi nyumbani na wilibaro tupu. Apolot alikimbia mbele na sanduku lake, bendera imeinuka. Egwang alisubiri mpaka awe mbali.

"Ulikigonga lini?" akauliza. Alijitahidi sauti iwe ya kawaida. "Sina neno. Nataka tu kujua."

Brigid alisimama katikati ya njia. "Unafikiri ni mimi?"

"Sasa ni nani?"

Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayechagua kati ya kumwamsha aliyelala na kumwacha. "Mama yako," alisema. "Mwaka wenye baba yako alikufa na wewe ukaitwa fomu wani. Aligonga mara moja, na mti wa kinu. Hiyo ndiyo ilitoa sare yako na karo na ile sanduku ya bati ulienda nayo. Ulipomaliza shule, akaanza kuweka konzi juu. Kila mkebe, kila mtu. Siku alinipatia kibanda, aliniambia, 'Weka konzi, hao watu nimewakula vya kutosha.' Ndiyo nimekuwa nikiweka."

"Si ungeinyoosha tu."

"Alikataa. Alisema ikinyooka tutasahau."

Egwang aliiweka wilibaro chini. Siku ya mazishi ya mama yake hakulia, kwa sababu turubai la wageni lilikuwa na tundu na mvua ilikuwa inakuja, akashinda juu ya ngazi na sindano. Watu walimsifu kwa ujasiri. Sasa alilia pale barabarani, mchana, pikipiki zikipita, kamasi na yote, mtu mzima aliyetoka kutukanwa na soko zima.

Brigid alimwacha alie. Kisha akaishika wilibaro yeye mwenyewe.

"Wamekutukana vizuri leo," alisema. "Deni ya hiyo karo naona sasa imeisha. Twende, mtoto ana njaa."